Mbaazi Ndani ya Pua

Mama mmoja huuza mbaazi mbichi karibu na ninapoishi sasa, Syokimau. Huketi na beseni mapajani akiambua, na kila ganda linapopasuka hutoka ile harufu ya kijani, ya majani yenye maji na vumbi kidogo la shambani. Nikipita hapo mkono wangu hugusa pua wenyewe. Watu hudhani nina mafua.

Mnaonisoma nitawaeleza kwa nini. Nilikuwa mtoto wa chekechea, na tuliishi Kangundo, kwenye mteremko wenye kahawa juu na mbaazi chini. Baba alifanya kazi Athi River na alirudi nyumbani Jumamosi. Alikuwa mrefu, mwenye masharubu mazito na maneno machache. Alinisalimu kwa mkono, kama mgeni aliyefika kwa heshima zake, kisha akauliza kama nimekula. Mimi ndiye niliyerithi jina la mama yake, Mwende, na kwetu Wakamba baba humwita binti kama huyo mwaitu, yaani mama yangu. Baba wa jirani alimwita hivyo binti yake mpaka akiwa anamgombeza. Wangu aliniita Mwende tu, na ilinichoma kidogo.

Jumamosi hiyo mama alikuwa ameenda Kola kumuuguza nyanya, kwa hivyo tulibaki wawili. Baba alinikalisha juu ya gunia uani, akanipa bakuli la mbaazi niambue, akaenda kurekebisha kibanda cha kuku. Niliambua kwa bidii, nikinusa kila punje kabla ya kuiweka. Harufu hiyo niliipenda mno, na nikawaza kwamba nikiiweka punje moja puani nitakuwa naisikia siku nzima bila kusumbuka. Mpango haukuwa na kasoro yoyote machoni pangu. Niliisukuma taratibu kwa kidole. Ilipoanza kubana nikataka kuitoa, ikateleza ikaingia ndani zaidi, na harufu yenyewe ikapotea kabisa.

Nilienda kwa baba nikasimama nyuma yake. Aliponiona machozi yananitoka na pua imevimba upande mmoja, aliweka nyundo chini. Aliniambia nipenge kwa nguvu. Mimi, kwa woga, nikavuta badala ya kupenga, tukaisikia sote wawili ikipanda. Jirani yetu Mama Mutua alikuja na ugoro wa mkwewe ili nipige chafya. Nilipiga chafya mpaka kuku wakakimbia, lakini mbaazi haikutoka. Alipochomoa kibanio cha nywele kichwani mwake, baba alimshukuru kwa upole, akaingia ndani kuchukua kofia yake na baiskeli.

Aliniweka kwenye chuma cha mbele, tukashuka kwenda zahanati. Njia nzima alirudia neno moja tu, kwamba nipumue kwa mdomo. Nilihisi kifua chake kikigonga mgongo wangu, nikadhani ni baiskeli inavyoruka kwenye mawe.

Zahanati ilijaa akina mama na watoto wao. Sista muuguzi aliyetupokea alikuwa msichana mwenye sauti tulivu. Alinimulika puani kwa tochi, akamwambia baba kwamba nikiruka wakati wa kuingiza koleo, mbaazi itasukumwa nyuma na huenda nikaivuta mpaka kwenye mapafu. Kulikuwa na njia nyingine ya kujaribu kwanza. Mzazi huziba mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, akafunga lile tundu la pua lililo zima kwa kidole, akapuliza mara moja kwa nguvu. Pumzi huzunguka huko ndani na kukisukuma kitu nje.

"Mama yake ako wapi?" sista akauliza.

"Ameenda Kola."

"Basi ni wewe, baba."

Baba aliuliza kwa sauti ya chini kama yeye sista hangeweza kufanya. Sista akasema mtoto hamjui, atakaza mdomo. Wale akina mama kwenye benchi waligeuka wote kututazama. Sikuwahi kumwona baba akimbusu mtu, wala kumkumbatia. Alivua kofia, akatafuta pa kuiweka, akaiweka chini sakafuni. Kisha akapiga magoti mbele yangu.

Mara ya kwanza alipuliza kama mtu anayepoza chai, na masharubu yakanitekenya nikacheka ndani ya mdomo wake. Hakucheka. Alinishika shavu kwa kiganja chake kigumu, akaniangalia.

"Mwaitu," akasema, "fungua mdomo."

Nilifungua. Pumzi yake iliingia yote kwa pamoja, yenye joto na ladha ya chai ya tangawizi, masikio yakaziba, na mbaazi ikaruka pamoja na kamasi ikatua kwenye kola ya shati lake, kisha ikadondoka sakafuni. Mama mmoja akasema, "Asante Yesu." Baba alinipangusa pua kwa mkono wa shati lake mwenyewe, akaendelea kunipangusa hata baada ya pua kukauka.

Mama aliporudi kesho yake baba alimwambia kwa kifupi kwamba niliweka mbaazi puani na sista akaitoa. Nilifungua mdomo nisahihishe, baba akanitupia jicho, nikaufunga. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alionea haya kamasi zangu. Jambo lililonifurahisha kuliko yote maishani mwangu, yeye alitaka lisahaulike.

Mwaka jana alikuja kukaa kwangu siku chache ili atibiwe macho. Jioni moja, tukiwa tumemaliza kula, nilimuuliza kwa nini alimficha mama. Alipangusa tone la dawa lililomshukia shavuni, nikadhani amesahau.

"Mama yako angeniuliza kama niliogopa," akasema. "Na niliogopa sana. Sista ndiye alinishika mkono nikainuka pale nilipopiga magoti."

Hilo sikuliona. Nilikuwa nikiangalia mbaazi sakafuni. Nilimwambia mimi nilidhani alichukia kamasi, akatikisa kichwa polepole, macho yake yenye dawa yamefumbwa.

"Pumzi yako ilikuwa na harufu ya uji," akasema. "Uji wa wimbi. Nilikuwa nimekupikia mwenyewe asubuhi."

Mimi uji huo siukumbuki hata kidogo. Yeye ameukumbuka miaka yote hiyo bila kumwambia mtu, na mimi nilikuwa nikihesabu maneno yake machache nikidhani ndiyo yote aliyokuwa nayo.