Hasira Waliyoiita ya Dawa

Daktari wa Mbarara alinionya kabla hata hajanichoma sindano ya kwanza. Dawa hii, alisema, inaamsha kinga ya mwili ipigane na virusi vya ini, na kinga ikiamka inaamsha na mengine: homa, kutetemeka, nywele kudondoka, usingizi kukatika. "Na hasira, nyabo," akaongeza, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Utakasirikia watu bure. Ujue si wewe, ni dawa." Sindano kila Alhamisi, vidonge asubuhi na jioni, karibu mwaka mzima. Siku hizi wenye homa ya ini aina ya C wanameza vidonge miezi michache na kwenda zao. Sisi tulichomwa.

Nikarudi Nakivale, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, nikawaeleza wa nyumbani yote niliyoambiwa: mama yangu, na mdogo wangu aliyekuwa na mtoto mchanga. Heri ningenyamaza. Tangu siku hiyo sikuruhusiwa tena kuwa na hasira yangu mwenyewe. Mbuzi wa jirani waliingia shambani wakafyeka maharage yangu, na nilipokwenda kulalamika mwenye mbuzi akanitazama kwa huruma, akasema pole mama, ni zile sindano. Mwenyekiti wa kijiji naye akanipa pole hiyo hiyo. Mbuzi wakanenepa, mimi nikabaki na pole zao.

Lakini hayo ya mbuzi ni madogo. Siku ile ya kwanza daktari aliniuliza kama niliwahi kuongezwa damu, au kuchanjwa, au kukatwa popote. Nikasema hapana. Akaniambia nifungue mdomo, akamulika tochi. Kimeo changu, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakikuwepo. Mimi sikuwahi kuhesabu kuondolewa kimeo kuwa ni kukatwa. Kwetu Burundi tunakiita ikirimi, na mtoto akikohoa sana au akitapika maziwa hakuna anayejiuliza la kufanya: anapelekwa kwa mkataji. Changu kilikatwa nikiwa na umri wa kukumbuka. Watoto wa kilima chetu tulikalishwa kwenye mkeka, kisu kikatupitia sote, na kila alipomaliza mmoja mkataji alikifuta kwa jani la mgomba. Daktari hakuapa kwamba ndipo nilipoupata ugonjwa. Alisema tu kwamba virusi hivi hupita kutoka damu hadi damu, na kwamba amewaona wengi wa kwetu wasio na kimeo.

Basi mtoto wa mdogo wangu alipoanza kukohoa, na mama akatamka neno ikirimi pale jikoni, nilipandwa na mori. Nilisema apelekwe zahanati. Nilisema kisu kile ndicho kilichonifikisha hapa. Mama akajibu kwamba mkataji wa hapa kambini ana mkono mwepesi. Nikalitupa chini sufuria la maharage na maji yake ya moto. Mama hakugomba. Aliinama akayaokota maharage polepole, akamwambia mdogo wangu, "Mumuache. Ni dawa inasema ndani ya mdomo yake."

Upole ule uliniudhi kuliko tusi. Angebishana ningemshinda, lakini utamshindaje mtu anayekuonea huruma? Ikabidi nijifunze kusema kwa sauti ya chini, meno yameumana, kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa. Kwa sauti hiyo nilimsihi mdogo wangu, na yeye akaniahidi kwamba hatampeleka. Zahanati walimpa dawa, kikohozi kikaisha, nikamwamini.

Nilimaliza sindano zangu. Nywele zikaanza kurudi. Nilisubiri nusu mwaka, kama nilivyoagizwa, kisha nikaenda Mbarara kwa kipimo cha mwisho, na majibu yalipotoka daktari alinipa mkono kabla ya kunisomea. Virusi havikuonekana tena. Nilicheka njia nzima, hata mwenye boda akaniuliza kama nimetoka harusini. Nikanunua mkate kwa ajili ya mtoto.

Nilipofika mama alikuwa mlangoni, ametabasamu kupita kiasi. Ndani, mdogo wangu alikuwa amempakata mtoto, na mtoto alikuwa anakataa ziwa. Kila alipofungua mdomo kulia, sauti ilitoka ya kukwaruza. Kitenge cha mdogo wangu kilikuwa na damu begani. Sikuhitaji tochi ya mtu.

"Kikohozi ilirudi," mama alisema. "Tungekungoja, ungekatala. Na weye tulikukata, si uko hapa?"

Sikupiga kelele. Nilimuuliza mdogo wangu kama leo mtoto alikatwa pamoja na watoto wengine. Akatazama chini, akasema walikuwa wengi, kisu kilikuwa kimoja, na mtoto wake hakuwa wa kwanza. Mama akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kana kwamba anatafuta homa, kisha akamgeukia mdogo wangu. "Usimujibu. Ni dawa ingali inasema."

"Mama," nikamwambia, "dawa niliimaliza kitambo. Hasira hii ni yangu."

Nikauweka mkate mezani, nikamfunga mtoto mgongoni, nikarudi barabarani kutafuta boda ya Mbarara. Mdogo wangu akanifuata, miguu mitupu.