Ombi la Jumatano

Bi Odessa Tolliver, muuguzi mstaafu wa hapa Memphis, mjane asiye na mtoto, alikuwa na mgeni mmoja tu kwa wiki: Zaniya, binti wa miaka kumi na saba. Kituo cha vijana ndicho kilichomwomba Bi Odessa awe mlezi wake wa kujitolea, maana binti alikuwa hali, halali. Kila Jumamosi walikaanga samaki na kupiga soga.

Siku moja Zaniya akasema, macho kwenye kikaango, "Bi Odessa, asubuhi nyingine natamani nisingeamka."

Bi Odessa hakubabaika. Siku ileile alimsindikiza kwa mshauri wa kituo. Hapo alifanya sawa kabisa. Lakini kwetu, mtu akikulemea moyoni, Jumatano unasimama kanisani umwombee kwa jina. Naye akasimama! Akataja jina, akataja na maneno ya binti. Kabla ya chakula cha jioni, simu zilikuwa zimeshamfikia bibi yake Zaniya, aliyekuwa akiishi naye.

Jumamosi nne zikapita bila mgeni. Bi Odessa alikaanga samaki wawili, akala mmoja kwa kusimama. Upweke ulimkaba hasa, jamani. Alifika hadi kumsemesha mtangazaji wa televisheni.

Ya tano, akaenda kugonga mlango wao.

"Nani?" Zaniya akauliza kutoka ndani.

"Mimi, mwanangu. Odessa."

"Umekuja na kwaya nzima?"

"Nimestahili hilo. Nisikilize tu. Mume wangu Vernell alipokufa, nilifunga mapazia miezi saba. Nilitaka kumfuata. Hakuna anayejua, hata mchungaji. Sasa unajua wewe. Ukitaka, Jumatano simama ukaseme."

Bila kufungua, Zaniya akasema, "Nenda nyumbani, Bi Odessa."

Jumatano Zaniya alikuja na bibi yake, wakaketi mbele. Mchungaji akauliza nani ana ombi. Binti akasimama. Bi Odessa, kiti cha nyuma, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Majirani aliokaa nao miaka thelathini wote walikuwa mle ndani.

"Mwombeeni mtu mmoja," Zaniya akasema. "Jina lake Mungu analijua. Nyinyi hamna haja nalo."

Akaketi bila kugeuka nyuma. Bi Odessa akalia waziwazi, na mama wa pembeni akamnong'oneza, "Unamjua ni nani?"

Akatikisa kichwa kukataa.

Jumamosi akakaanga samaki wawili. Hakuna aliyebisha hodi; akala mmoja, wa pili akapoa sahanini.