Fundi Rotia Hupima Mtandao Akiwa Amekaa

Ni Ijumaa, saa tatu asubuhi, na Rotia Kamoriki amekaa kitako juu ya mkeka wa majani ya mkadi, simu mapajani. Anatazama kioo, anaandika namba kwenye kidaftari chake, kisha anasogea hatua mbili bila kusimama. Anatulia tena, anaandika tena.

Asiyemjua angedhani mama huyu amedondosha sindano. Kumbe yuko kazini. Yuko ndani ya maneaba, ukumbi mkubwa wa kijiji, kaskazini mwa kisiwa cha Tabiteuea, na anatafuta mahali ambapo waifai inakufa.

“Hapa inakufa,” anasema, akigonga mkeka kwa kidole. “Hapa hapa, pa Bibi Batiri. Yaani mahali pote ulimwenguni, ikachague hapa.”

Kesho saa sita mchana, Merina, mjukuu wa Bibi Batiri, anatimiza mwaka mmoja. Amezaliwa Mildura, Australia, ambako mama yake Tearia anachuma zabibu. Bibi hajawahi kumwona ila kwenye picha. Kesho kijiji kizima kitakula karamu yake humu ndani, mtoto akiwa kule na bibi akiwa hapa, wakitazamana kwenye simu.

Ndivyo ilivyopangwa, na anayetakiwa kuifanya iwe kweli ni Rotia.

Ana miaka arobaini na mitatu, mwili mdogo, sauti ya kuongoza kwaya. Kwa miaka kumi na miwili amezunguka visiwa vya Kiribati na sanduku la chuma lenye bisibisi, koleo, nyaya na pakiti za biskuti, akifunga waifai kwenye shule, zahanati na maneaba. Malipo yake ni dola mia tatu kwa wiki mbili, na meli ikichelewa, nusu inaishia kwenye chakula cha safari.

“Mume wangu ananiuliza, unalipwa au unachangia?” anasema, akicheka kwanza yeye mwenyewe.

Huyo mume ndiye chanzo cha yote. Zamani Tiaon alikuwa baharia. Kisiwa kizima kilikuwa na simu moja, kwenye ofisi ya baraza, kilomita kumi na moja kutoka kwao. Siku moja Rotia aliambiwa mumewe atapiga saa nne. Akapanda baiskeli, mtoto mgongoni, akapambana na upepo njia nzima.

“Nilifika, nikapewa simu. Nikasikia ‘haloo’ moja. Halafu ikawa shuuu, basi. Nikarudi kilomita kumi na moja na hiyo haloo yangu moja.”

Tiaon alirudi baada ya miezi kumi na sita. Mtoto alimwona, akapiga kelele na kukimbilia chini ya meza.

“Alilia kule chini, na baba yake akalia huku juu. Sijasahau. Nikasema, mimi nitajifunza kitu hiki.”

Fundi mwenye kisa kama hicho huwezi kumwambia kwamba waifai ni anasa. Wapo waliojaribu, wakajuta.

Sasa tuseme kosa lake, maana mwenyewe halifichi.

Alifika Jumatano na meli iliyochelewa siku nne. Sahani ya kunasa mtandao kutoka angani aliifunga nje, upande wa mashariki, pembeni ya paneli za sola. Ikabaki kuning’iniza kifaa chenyewe, kile kisanduku cheupe kinachosambaza waifai, mahali ambapo simu za watu zitakinasa. Alikuwa na waya wa mita kumi na nane tu. Nguzo ya jiwe la matumbawe iliyokuwa karibu ilimtazama, naye akaitazama. Akakifunga pale.

Maneaba ilikuwa tupu. Akazunguka na simu mkononi, haraka haraka, kila upande vistari vya mtandao vimejaa. Akafunga sanduku.

“Nilipima nimesimama,” anasema polepole, kama anayeungama. “Mimi, mtoto wa hapa, nimesimama katikati ya maneaba kama mtalii.”

Alhamisi jioni watu waliingia kwa kikao, wakajaa, wakaketi kila ukoo mahali pake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwili wa mtu ni maji matupu, na maji hula mawimbi. Watu mia mbili wakikaa kati yako na kifaa kilichofungwa usawa wa kifua, ni sawa na ukuta. Upande wa mashariki simu zilikuwa zinaimba. Upande wa magharibi, anapokaa Bibi Batiri, hakukuwa na kistari hata kimoja.

Na kuna la pili. Nguzo ile ni ya ukoo wa mama yake Rotia.

Jamani, hiki ni kisiwa kisichotaka mtu ainuliwe juu ya mwenzake. Wafalme walikataliwa hapa tangu enzi na enzi, na jina lenyewe la kisiwa linasema hivyo. Leo mpwa anafika na meli na kuwapa wajomba zake peke yao waifai!

Mzee Bwakoua, mkubwa wa ukoo huo na mjomba wa Rotia, hakusaidia. Aliegemea nguzo yake akaitazama simu yake kwa raha.

“Nguzo yetu imezaa matunda,” alisema. “Majirani, msione haya. Mkitaka kuchuma, karibuni.”

“Tumeona,” alijibu mtu wa upande wa pili. “Na aliyepanda tumemwona. Mama zake wadogo walimpikia mashelisheli jana.”

Watu walicheka, lakini ndicho kicheko kilichomnyima Rotia usingizi. Kikao kilimalizika kwa maneno machache: kitu kikiwafaa wote kitabaki, kisipowafaa wote kitazimwa, mpaka meli ijayo ikichukue. Walimpa hadi Jumamosi mchana.

Njia rahisi ilikuwapo. Bwakoua mwenyewe alimwambia Bibi Batiri ahamie mashariki siku ya karamu, akae karibu na nguzo, apate mtandao mzuri.

Mama huyo wa miaka sabini na moja alipiga mkeka wake kwa kiganja.

“Hapa alikaa mume wangu, Bwakoua. Kabla yake baba yake. Mimi nimeketi hapa tangu siku niliyoolewa.”

“Ni saa moja tu, dada yangu.”

“Mjukuu wangu ataniona mara ya kwanza. Akinikuta nimekaa pa watu, atajifunza nini?”

Mwandishi wa habari hizi aliropoka swali la kipumbavu: kwa nini asikae nje, karibu na sahani? Bibi alimgeukia kwa upole mkubwa.

“Nje nikae kama kuku, mwanangu? Mwenye karamu ni mimi.”

Kwa hiyo Ijumaa hii Rotia anapima upya, safari hii kwa adabu. Ameomba kila ukoo ulete watu wake na kuwakalisha mahali pao, hata kama wanasuka mikeka au wanasinzia. Yeye anapita katikati yao akiwa ameinama, mkono umetangulia, anaomba radhi kila hatua, anakaa, anapima. Ndiyo kawaida yake kisiwa chochote. Mafundi wanaotoka nje hupima kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Huku hakuna anayetumia simu amesimama. Simu iko mapajani, na mapaja yako mkekani.

“Kuuliza si ujinga,” anasema, akichora duara kwenye kidaftari. “Jumatano ningeuliza tu, hii nguzo ni ya nani. Nilikuwa naijua, ndiyo maana sikuuliza.”

Duara liko katikati ya ukumbi. Pale si pa ukoo wowote. Ni mahali pa kuchezea ngoma na pa kusimama anayehutubia. Juu yake, mbali kabisa, kuna boriti ya paa. Kifaa kikining’inia kule kikitazama chini, mawimbi yatashuka juu ya vichwa badala ya kupenya mbavu za watu.

Mambo mawili yalimkwamisha. La kwanza ni waya. Kwa njia ya kupanda na kuzunguka zilihitajika mita arobaini, na duka la karibu liko ng’ambo ya bahari. Rotia alizunguka kijiji akitazama nyuma ya nyumba za watu, mpaka akafika kwa nesi wa zahanati na kukuta mashuka yameanikwa kwenye waya mweusi mnene. Ulikuwa umesalia kutoka mradi wa zamani.

“Dada, kamba yako ya nguo nimeipenda.”

“Na mashuka yangu?”

“Nitakuletea kamba ya nguo kweli. Hii ni kamba ya maneno.”

Aliufungua, akazijaribu nyuzi zake ndogo moja moja. Ziko nane, na zote zilikuwa hai. Aliupiga waya busu mbele za watu.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kufika kwenye boriti lazima mtu apande na kutambaza waya chini ya paa, na chini ya njia hiyo wameketi wazee. Hakuna anayepita juu ya vichwa vya wazee ndani ya maneaba, sembuse mpwa aliyekwisha kuharibu mara moja. Rotia alisimama nje na ngazi begani, hajui aanzie wapi. Aliniambia baadaye kwamba alitamani meli irudi imchukue.

Aliyeinuka kwanza ni Mzee Bwakoua. Aliiacha nguzo yake, akachukua mkeka wake, akatoka akaukunjua juani.

“Mwapanga kukaa humo mpaka lini?” aliwauliza wenzake. “Kama hatuko chini, hatapita juu ya mtu.”

Wazee walitoka mmoja mmoja, wakinung’unika kuhusu jua. Wamama walifuata na ususi wao. Ndani ya dakika kumi ukumbi ulikuwa mtupu, na kijiji kizima kimekaa kwenye changarawe nyeupe kikifinya macho.

“Tangu nizaliwe sijaona maneaba ikiachwa mchana kwa ajili ya mwanamke mmoja na bisibisi,” alisema mzee mmoja.

“Umezaliwa juzi,” alisema Bibi Batiri, aliyetoka wa mwisho.

Rotia alipanda. Alifanya kazi saa moja na robo, jasho likimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Alipoteremka alikaa chini mahali penye duara lake, katikati, akaanza sehemu ya kazi ambayo haina jasho: kukipa kifaa masharti yake.

Jina la mtandao lilimsumbua, maana kila ukoo ulipendekeza lake kwa kupaza sauti kutoka nje, kupitia uwazi ulio chini ya paa. Aliandika “Maneaba”, basi. Akagawa mtandao ili kila simu ipate fungu sawa na jirani yake, mpenda filamu asije akala cha wote. Akakipangia saa za kulala: wakati wa sala ya jioni na ibada ya Jumapili kinajizima chenyewe. Paswedi hakumnong’oneza mtu. Aliwaita wote ndani, akangoja waketi, akaisema mara moja kwa sauti yake ya kwaya.

“Mpwa wangu,” Bwakoua aliita, “hata mimi unanitajia pamoja na hawa?”

“Hata wewe, Mjomba.”

“Haya. Rudia basi, sikusikia.”

Mvua ilinyesha usiku ule, na asubuhi Rotia alikuwa roho mkononi, kwa sababu makuti ya minazi yakilowa mbele ya sahani huyumbisha mtandao utokao angani. Alikausha kiungio cha waya, akakifunga upya kwa utepe, akakaa akingoja kwenye kona, mbali na chakula.

Saa sita kamili simu ya Bibi Batiri ililia. Samaki, mashelisheli na asali ya mnazi vilikuwa vimepangwa, na watu mia mbili walikaa wasiguse kitu. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. Ikatokea dari, ikatokea bega la mtu, halafu ukatokea uso wa Tearia.

Binti hakusalimu. Macho yake yalipita juu ya bega la mama yake, yakaikuta nguzo ya nyuma, ile yenye alama za kisu ambazo kwazo watoto wa ukoo huo walipimiwa kimo.

“Mama,” alisema. “Umekaa pa baba.”

“Ningekaa wapi?”

Tearia alijifunika uso. Kisha akamwinua mtoto. Merina, meno manne, keki kwenye nyusi, aliutazama uso ule wa kizee kwa muda mrefu. Hakulia, wala hakujificha. Alinyoosha mkono wenye keki akaupaka kwenye kioo, na huku Bibi Batiri akafuta simu kwa kanga yake, kana kwamba keki imevuka bahari. Wote walicheka. Rotia peke yake ndiye aliyekuwa akilia, naye hakujificha.

Nilimuuliza mipango yake baada ya hapa. Vimebaki vijiji saba kisiwani, alisema, na baada ya hivyo anataka kuandika mwongozo kwa lugha ya kwao, kwa ajili ya mafundi wa visiwa vya mbali. Ule wa kigeni anaoutumia unaanza kwa kuamuru fundi asimame katikati ya chumba.

“Wangu utaanza hivi: kaa chini. Halafu: uliza ni pa nani.”

Alinionyesha kidaftari. Alikuwa amepima tena kila mahali, ukumbi ukiwa umejaa, na kila ukoo ulikuwa na namba yake, zote zikikaribiana. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu, ule wa pa Bibi Batiri. Nikamuuliza mbona hajaujaza, na ilikuwa saa tisa na nusu.

“Nitapima akiinuka,” alisema Rotia.

Tukageuka kutazama. Bibi alikuwa bado anaongea na simu.