Ndoto Niliyosimama Nayo Kanisani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo ningependa niisahau. Nimechoka kuikumbuka, lakini ujumbe wako wa sauti wa dakika tisa umenirudisha huko. Unasema Bwana amekuonesha ndotoni kwamba mdogo wako asiende kusoma bara, na unataka nikuambie kama ni kweli. Wengi siku hizi huniletea ndoto zao kwa kuwa nimezeeka na nasali sana. Wanadhani nina ufunguo. Sina.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikaa hapa Mbweni, mimi, mdogo wangu Veronika na baba yetu aliyepooza upande mmoja. Mama alikwisha kufa. Veronika akachumbiwa na Damiani, fundi seremala, kijana mpole, na padri akaanza kuitangaza ndoa yao kanisani kama ilivyo desturi yetu, Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye kizuizi aseme.

Baada ya tangazo la pili nikaota. Nilimuona Veronika amevaa shela la harusi, anatembea kuingia baharini, maji yanampanda mpaka kifuani, nami nimesimama ufukweni namwita haitiki. Niliamka nikaanza kusali. Nikafunga siku tatu, nikasoma habari za Yusufu mwana wa Yakobo, nikaamini kwamba na mimi nimeoneshwa kama yeye. Jumapili ya tatu padri alipouliza, nikasimama mbele ya kanisa zima nikaieleza ndoto yangu. Padri akasema ndoto si kizuizi, ila akaisogeza harusi mbele ili atuite tuzungumze. Wazazi wa Damiani walikuwa wameshatahayari.

Kesho yake alasiri akaja Bi Martha, mama yangu wa ubatizo. Hakunigombeza. Alinitaka nisimulie upya, taratibu, kisha akaniuliza:

"Katika hiyo ndoto, nani alokuwa analia?"

"Mimi."

"Na Veronika?"

Nilisita, maana kipande hicho sikukisema kanisani. "Alikuwa anacheka."

"Basi Mungu kakuonesha wewe, mwanangu, si yeye. Unaogopa kuachwa peke yako na babaako. Nenda kamwambie padri leo, na Damiani umwambie."

Alisema kweli, na nilijua papo hapo. Lakini niliona aibu. Nikasema kesho, kisha nikasema Jumapili. Nilipopata ujasiri, wazazi wa Damiani walikuwa wameshavunja uchumba na mwenyewe kahamia Tanga. Nikaufyata. Veronika hajaolewa mpaka leo. Tulimuuguza baba pamoja tukamzika, na bado tunakaa wawili nyumba ile ile. Nilichokitaka nilikipata, mwanangu, na kila asubuhi Veronika ndiye anayenitilia chai.

Mwaka jana nilimwambia yote, kwamba nilikuwa naogopa kuachwa, na kwamba Bi Martha alinitaka niyatengue maneno yangu nikanyamaza. Akaendelea kukoroga sukari.

"Nlijua siku ile ile, dada," akasema. "Kunywa chai, inapoa."

Kwa hiyo nisikilize. Mungu husema na watu ndotoni, mimi sikatai; alisema nami. Lakini ukiamka usikimbilie kumvisha mwengine ndoto uliyoota wewe. Iombee kwanza, kisha msimulie mtu asiyekuogopa, umsimulie yote, hata kile kipande usichokipenda. Jiulize wewe utapata nini mdogo wako akibaki. Ndoto ikikupa hasa kile ulichokuwa unakitaka, itilie shaka, na uisome tena ukijitazama mwenyewe. Na kama umeshamkataza, mpigie simu leo. Aibu ya leo utaimaliza kwa maneno machache. Mimi yangu nimekaa nayo maisha mazima.

Mungu akupe usingizi mwema, mwanangu, akupe na moyo wa kusema kweli mapema. Amlinde mdogo wako huko aendako. Na ukisali jioni hii mtaje Veronika, kwa sababu mimi nikifika kwenye jina lake, maneno huniishia.