Mazabodi ya Mjomba Saidi

Harufu ya kompyuta inayoungua haifanani na ya kuni wala ya plastiki. Inakaribia harufu ya ukucha uliodondokea kwenye kaa la moto, na ikishaingia puani haitoki upesi. Mimi niliijua nikiwa darasa la sita, Newala, msimu wa korosho, wakati hewa yote inanuka mabibo yaliyochacha na magunia mapya. Wenzangu wakiukumbuka msimu ule wanakumbuka viatu na vitenge, maana korosho zikishauzwa hapakuwa na nyumba isiyoingiza kitu kipya. Mimi nakumbuka harufu ya ukucha. Watu huniambia mambo ya utotoni hupoa yenyewe kadiri mtu anavyokua. Haya yangu hayajapoa, na sioni kwa nini niyapulizie.

Mama yangu alikuwa mchapaji. Kabla sijazaliwa alichapa kwenye ofisi moja pale mjini, na alichapa bila kutazama vidole huku akizungumza na mtu mambo mengine kabisa. Ofisi ikapunguza watu, yeye akawa mmojawapo, akaangukia kwenye maji. Aliyeishi Newala miaka ile haelezwi habari ya maji. Bomba likifunguliwa lilikohoa hewa, basi wanawake waliteremka ukingo wa mlima hadi kwenye chemchemi za bondeni, wakapanda tena na ndoo kichwani, kwenye njia ambayo hata mbuzi huisimamia kwanza akafikiri. Mama aliwapelekea maji mama ntilie wa stendi. Jioni aliyakanda magoti yake kwa mafuta ya nazi, nami nikiwa karibu niliyasikia yakialika anapoyakunja. Na bado, tukiwa kwenye foleni ya chemchemi, vidole vyake vilikuwa vinachapa juu ya mfuniko wa ndoo. Nikimuuliza anaandika nini, alicheka na kusema anamwandikia mkuu wa kazi barua ya kuacha maji.

Mlango ukafunguka kidogo. Ofisi yake ya zamani iligawa vitu chakavu, na mtu aliyemkumbuka akampa kompyuta iliyopigwa na umeme. Tuliipeleka Masasi kwa fundi. Akaifungua, akaipima kipande kwa kipande, akatuambia kila kitu ni kizima isipokuwa mazabodi, ule ubao mkubwa wa kijani ambao vingine vyote huchomekwa juu yake. Akauchomoa akampa Mama mkononi. "Mama Zuhura, huu usiutupe," alisema. "Anayekwenda kununua aende nao huu huu, wampe unaofanana. Ubao usiofanana hauipokei prosesa yako, hata uwe mpya namna gani." Nilisimama pale nikasikia kila neno. Prosesa alituonyesha pia, kipande kidogo chenye miguu mingi myembamba, akasema hiyo ndiyo akili ya mashine yenyewe. Huku nyumbani, Mama Getruda wa duka la fotokopi karibu na ofisi za wilaya alikwisha kumwahidi Mama meza kwenye baraza lake. Watu walikuwa wanakuja kila siku kuchapiwa barua za maombi na hakuwa na wa kuwachapia. Sharti lilikuwa moja, Mama aje na mashine yake, na aje kabla msimu haujaisha.

Korosho zilikuwapo. Mikorosho ya shambani, kule Mnyambe, ilikuwa ya Mama, aliachiwa na bibi. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti katika ukoo huo ni mjomba. Mama alipalilia, Mama aliokota, mimi nilibabuka vidole kwa utomvu, na mavuno yakiuzwa aliyepanga pesa zifanye nini alikuwa kaka yake, Mjomba Saidi. Aliishi Chiungutwa na alikuwa fundi baiskeli, fundi kweli, sitamnyima hilo. Chiungutwa nzima walipanda baiskeli za aina moja, kwa hiyo mnyororo wa huyu uliingia kwa yule, na spea iliyokuwa ngumu kuingia aliilainisha kwa tupa. Katika maisha yake hajawahi kuona chuma kilichomkatalia. Baba alikuwepo siku zote hizo. Mama alipomuomba atie neno, alisema hayo ni mambo ya kwenu, akaendelea kusikiliza redio.

Mjomba alikubali kwamba kompyuta itengenezwe, na akasema atakwenda kununua mwenyewe Dar es Salaam. Siku ya safari Mama aliufunga ubao ulioungua kwenye kipande cha khanga, akauweka mkekani mbele yake. Mjomba aliufungua, akaunusa, akausukuma pembeni.

"Mimi nitembee Kariakoo nimebeba taka? Waseme huyu ametoka porini?"

"Njomba, fundi alisema lazima uende nao," nikasema. "Usipofanana, prosesa haikai."

Alicheka. Hakunijibu mimi, alimgeukia Mama. "Dada, huyu mtoto umemfundisha lini ufundi? Spea ni spea."

Nikafungua mdomo tena, Mama akanibana paja. Aliniambia baadaye, tukiwa jikoni, kwamba mjomba hajibiwi. Lakini ule ubao aliurudisha kwenye khanga polepole, akautia chini ya kitanda.

Mjomba alirudi na boksi linalong'aa. Mazabodi ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwetu, nyeusi, nzuri ajabu, na majirani walijaa uani kuitazama. Mama alisema tuipeleke Masasi kwa fundi. Mjomba akauliza fundi gani zaidi yake, akatandika gunia, akapanga spana zake. Prosesa ilikataa kukaa. Miguu yake ilikuwa haioani na matundu, mtu yeyote aliweza kuona. "Zote huanza hivyo," alisema, akaikandamiza kwa dole gumba lile lile alilorudishia matairi, mpaka nikasikia mlio mdogo. Memori nayo, kile kibao chembamba, pengo lake halikulingana na mahali pake. Hapo ndipo Mjomba Saidi alipotoa tupa. Alikikwangua kile kibao kama anavyokwangua pedeli, kwa utulivu, ulimi ukiwa umechungulia pembeni ya mdomo, na unga wa rangi ya dhahabu ukadondoka juu ya gunia la korosho. Nililia waziwazi mbele ya majirani. Mama hakulia. Aliangalia ule unga.

Alipowasha, ikaja ile harufu. Sasa si ubao peke yake uliokufa, na vile vizima navyo. Mjomba alichomoa waya, akasema vitu vya ofisini havina baraka nyumbani, na kwamba mikorosho ingepaliliwa vizuri angenunua kompyuta nzima. Kisha akaomba maji anawe mikono, kwa sababu ilikuwa na grisi. Mama akamletea ndoo aliyoipandisha mlima asubuhi ile, akammiminia kidogo kidogo, yeye akisugua kiganja kwa kiganja bila haraka, mpaka maji yakaisha. Baraza la Mama Getruda lilipata binti mwingine. Mama alirudi bondeni, na tangu siku hiyo sikuviona tena vidole vyake vikichapa kwenye mfuniko.

Leo nina duka langu Masasi, nauza spea za kompyuta na kuzitengeneza. Nilimnunulia Mama laptopu nilipoanza kupata. Aliweka mikono juu ya kibodi, akakaa nayo hivyo muda mrefu, kisha akaniambia herufi zimehama. Hazikuhama. Vidole vimekunjamana kwa kushika ndoo, havinyooki tena, na magoti ndiyo humleta kwangu kila anapokuja hospitali.

Mwezi uliopita alikuwa amekaa kwenye kiti pekee cha wateja, miguu ameinyoosha, Mjomba Saidi akaingia kutoka Chiungutwa. Nikamwamkia, akaitikia. Kompyuta ya mjukuu wake imeharibika. Akatoa kifurushi cha kitambaa, akakifungua kwa uangalifu, na ndani mlikuwa na mazabodi iliyoungua.

"Nimekuja nayo hii yenyewe," alisema. "Vitu hivi lazima vifanane, Zuhura. Ukienda dukani mikono mitupu unauziwa kisichokaa. Sijui kama huwa unawaambia wateja wako."

Nilimtazama usoni nikitafuta chembe ya aibu. Sikuiona. Hakuwa ananificha kitu wala hakuwa anaomba radhi kwa kuzunguka. Alikuwa amesahau. Nikamgeukia Mama, nikingoja aseme neno moja tu, hata guno. Mama alishika ukingo wa meza yangu, akajiinua, magoti yakaalika.

"Shikamoo, kaka," alisema, akampisha kwenye kiti. Kisha akanigeukia. "Zuhura, mletee mjomba wako maji anawe mikono, ametoka safari."

Nikaenda kuleta maji.