Jogoo wa Daktari wa Macho

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo ya ndoa, mchungaji wetu hapa Kibaha alisema usharika unatafuta watu wenye taaluma zao, wauguzi, walimu, mafundi umeme, wa kwenda Malawi mwezi ujao kwa wiki mbili kulitumikia kanisa la huko kwa kujitolea. Watu walipiga makofi. Mimi ni muuguzi wa macho, kwa hiyo benchi zima liligeuka kunitazama, nami nikatabasamu kama inavyompasa mtu aliye kanisani. Lakini rafiki yangu, mawazo yangu hayakuwa pale. Yalikuwa Kibuta, kule Kisarawe, nyumbani kwa bibi, kwenye uzi uliofungwa mguuni mwa jogoo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kuja. Alifika Kisarawe kutoka kaskazini akimfuata babu, aliyekuwa mwalimu. Babu alipofariki, bibi alibaki na shamba la mihogo, mikorosho michache na mimi. Asubuhi tulikunywa chai ya mchaichai kwa muhogo wa kuchemsha. Jioni tulikula muhogo ule ule, safari hii kwa nazi, na bibi akauombea kana kwamba ni chakula kipya. Kabla ya shule nilifagia uwanja na kuchota maji. Msimu wa korosho nguo zetu zote zilinuka moshi wa kubangua, hata zile za kanisani. Kengele ya kanisa ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa, mzee wa kanisa akiigonga kwa nondo, na kwa jinsi alivyogonga ulijua kama ni ibada au ni msiba.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kizaramo, Mwislamu, shoga mkubwa wa bibi. Ndiye aliyemfundisha kusuka ukili na kuushona kuwa mkeka. Na katika mafunzo hayo alimpa sheria moja: mkeka humalizwa na mkono ulioanza. Kila mtu na mvuto wake wa uzi, alisema, ukimwachia mwingine unapinda katikati. Bibi aliishika sheria hiyo kama amri ya kumi na moja. Hata akiumwa, hakuniruhusu kugusa mkeka wake.

Kisha macho yakaanza kufunga ukungu. Alitia chumvi kwenye chai. Aliwasalimia watu kwa sauti zao, na asiyeongea alimpita. Ulikuwa mtoto wa jicho, yote mawili, ingawa wakati ule sisi tulisema tu kwamba bibi amezeeka.

Ndipo wakaja wageni kutoka Ulaya, kundi la watu wa macho, Wakristo waliotumia likizo zao kufanya kazi ya Mungu. Walifanyia upasuaji kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha yamewambwa mashuka meupe. Mzee wa kanisa aliwapokea kwa kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na safari hiyo mwenyeji alipona kweli. Foleni ilikuwa ndefu na muda wao mfupi, hivyo kila mtu alitengenezewa jicho moja. Bibi alipata la kushoto.

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona vizuri nyumbani kilikuwa masizi ya sufuria zetu. Alinigombeza hadi adhuhuri. Baadaye aliniita, akanishika kidevu, akanitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe umefanana na mama yako." Mama nilikuwa simkumbuki. Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingine yoyote ninayoijua, na nakwambia hivyo kwa sababu siku hizi furaha hainijii kirahisi.

Daktari mwenyewe alikuja kuaga, mtu mrefu mwenye shingo iliyoungua jua. Alikuwa amejifunza maneno machache ya Kiswahili, akayatumia yote kwa bibi. Alionyesha jicho la kulia, akasema, "Mwaka kesho, Bibi. Hili."

"Mungu akipenda, baba," bibi akajibu.

Jioni ile ile alichagua kifaranga kimoja, jogoo mwekundu, akamfunga uzi wa bluu mguuni. Huyo alikuwa wa daktari. Mtu aliyekupa jicho huwezi kumkaribisha kwa muhogo.

Mwaka uliofuata wageni walikuja, lakini walikuwa mafundi wa kupaka rangi. Walipaka ukumbi rangi ya samawati na kuimba vizuri sana. Bibi alienda na kanga yake mpya, akawasalimia mmoja mmoja, akarudi. Mwaka mwingine likaja kundi la meno. Hapo bibi alipanga foleni akidhani daktari wake yuko ndani, na alipofika mbele akaona haya kuwaambia wageni waliotoka mbali kiasi kile kwamba hana haja nao. Akafungua kinywa. Alikwenda kwa ajili ya jicho, akarudi bila gego. Jirani alicheka mpaka akakaa chini, na bibi alicheka naye, shavu limevimba.

Jogoo alikuwa amekua, anawika vibaya, anawapiga kuku wa watu. Kila sikukuu nilimwomba bibi tumchinje. "Ana mwenyewe," ndilo lilikuwa jibu. Alimpa mchele ambao sisi wenyewe tuliula kwa nadra.

Katika miaka hiyo jirani naye alishikwa na mtoto wa jicho. Yeye hakusubiri mtu. Alipanda gari akaenda hospitali ya mjini, wauguzi na madaktari wetu hawa hawa wakamtengeneza, akarudi na miwani myeusi akijiita bibi harusi. Akaja kumchukua bibi.

"Shoga, twende. Hata hawaumizi."

"Macho yangu yameanzwa na mtu," bibi akasema. "Nikimpelekea mwingine amalizie, yule akija nitamwambia nini?"

"Mkono ulioanza, nilikwambia kwa mkeka. Sikukwambia kwa jicho."

"Ni wewe uliyenifundisha."

Nilimwona jirani akitazama mikono yake. Alirudi tena na tena na maneno hayo hayo, na bibi akampikia chai, wakazungumza mambo mengine.

Halafu jicho la kulia likaanza kuuma. Likawa jekundu, likamlaza siku kadhaa kwa kichwa na kutapika, ndipo akakubali kupelekwa. Muuguzi alimulika, akazima tochi, akasema kwa upole, "Bibi, mngekuja mapema." Ukungu ule ungeweza kutolewa, alisema, lakini umekaa mno, na presha ya jicho imeshaua mshipa wa kuonea. Bibi alimshukuru. Njiani aliniuliza kama jogoo amepewa maji.

Nilisoma uuguzi, nikasomea macho. Watu hudhani ni kwa sababu ya uchungu. Sijui. Nimejaribu kumkasirikia yule daktari, nimeshindwa. Labda aliugua, labda alikosa nauli, labda alisema mwaka kesho kama sisi tunavyosema karibu tena. Jicho alilotengeneza lilifanya kazi mpaka bibi anafariki. Ninapolitafuta jambo hili moyoni nakuta pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Bibi alipofariki, jogoo alikuwa bado yupo, mzee, mguu mmoja unachechemea. Waombolezaji walikuwa wengi na kitoweo kidogo, basi jirani akakata uzi wa bluu kwa mkono wake. Nyama ilichemka tangu asubuhi hadi alasiri na bado ilikuwa ngumu. Niliila. Sikulia.

Shamba limeuzwa, mikorosho imekatwa, pana nyumba ya mtu wa Dar yenye geti jeusi. Jirani naye amekwishatangulia. Rimu imeondolewa, sasa wana spika. Mkeka wa mwisho wa bibi ninao hapa Kibaha, haujamalizwa, na sijampa mtu aumalize.

Baada ya ibada nilimfuata mchungaji, nikamwambia nitakwenda Malawi. Alifurahi sana, akasema daktari wa macho tayari yumo kwenye kundi. Nikamuuliza, kwa wiki mbili hizo tutatengeneza jicho moja moja, la pili nani atalifanya.

"Tutarudi mwakani, mama," akasema. "Mungu akipenda."

Nikaitikia amina. Nikatoka nje kwenye jua, nikimuwaza mwanamke mmoja huko Malawi nisiyemjua, ambaye mwezi ujao atanishika mkono, ataniaga, kisha atakwenda bandani kuchagua jogoo.