Mkono Ulioshika Sanda

Tangu Alya arudi kutoka masomoni Kigali, mtu haingii tena dukani kwa shangazi yake Thuwaiba kununua kitambaa kama binadamu. Anaingizwa. Anaombwa atoke, aingie tena, kwa sababu mara ya kwanza mwanga haukukaa vizuri. Akishaingia anaombwa ashike kitenge, akizungushe, aseme kwa sauti kwamba hajawahi kuona rangi kama hii Bujumbura nzima. Watu wanasema. Hilo ndilo lililokuwa likimchefua Thuwaiba zaidi ya yote, kwamba watu wazima na akili zao wanasema.

Thuwaiba, ambaye mtaa mzima wa Asiatique unamwita Mama Zayd, alirithi duka hilo kwa baba yake, naye baba aliachiwa na babu aliyetoka Oman. Kwenye ubao wa nje palikuwa pameandikwa Chez Zayd, jina la mwanawe. Alya aliung'oa ubao. Akaleta mwingine mweusi wenye herufi nyembamba za dhahabu, Maison Thuwaiba, akasema duka bila sura ya mtu halipendwi mtandaoni. Sura yenyewe ikawa ya shangazi. Asubuhi anamwagiwa marashi mbele ya simu, mchana anaonyeshwa akinywa kahawa ambayo imeshapoa.

"Rudia, Shangazi. Sasa ucheke kidogo."

"Mi nacheka nikiona cha kuchekesha."

"Ndiyo hiyo, hiyo hiyo! Watu wanapenda ukiwa mukali."

Basi hata hasira yake ikawa bidhaa. Wasichana wa Kibenga, mtaa wa matajiri, walianza kuja na magari yao, wanajifunika hariri mabegani, wanajipiga picha mbele ya kioo, wanaiacha hariri chini na kuondoka. Kwenye picha wanaandika kwamba wanampenda sana Mama Zayd. Hata salamu hawakumpa. Alya alikuwa akizisoma sifa hizo kwa sauti, na Thuwaiba akiokota hariri sakafuni alikuwa akijiambia kimoyomoyo kwamba mtoto wa marehemu kaka yake hafukuzwi kwa sababu ya upuuzi. Alivumilia mengi kwa ajili ya kaka yake.

Kitu kimoja tu kilikuwa nje ya upuuzi huo, au yeye aliamini hivyo. Kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya meza, lilikaa jora la bafta nyeupe. Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, mafundi, wachuuzi, maimamu, wote sanda walichukua pale, toka enzi za babu. Na sanda ilikuwa na adabu zake. Anayeitaka husimama kizingitini, haingii ndani. Muziki unazimwa. Wanunuzi wengine wananyamaza au wanatoka. Haulizwi ni ya nani, wala bei haizungumzwi siku hiyo. Kitambaa hakiguswi na mkasi, kinachanwa kwa mikono. Kisha mtu anaondoka, na dukani hakuna anayemtaja. Thuwaiba aliwahi kuwapa watu sanda, akaja kujua ni ya nani siku kadhaa baadaye, matangani. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya nyumba yao, na hakuwa na nyingine aliyoijali kuliko hiyo.

Siku ya Jumatano, duka limefunguliwa tu, Hamimu alisimama kizingitini. Ni fundi wa magari wa Buyenzi, mtu mrefu, mkono wake wa kulia hauna vidole viwili, vilikatwa na mkanda wa injini akiwa bado mwanafunzi wa gereji. Alikuwa amevaa ovaroli ya kazini.

"Mama Zayd," alisema, "naomba bafta."

Thuwaiba aliinuka. "Alya, zima muziki."

Muziki wa dukani ulikuwa ukitoka kwenye simu ya Alya. Alya akaichukua simu upesi, muziki ukakatika. Thuwaiba alifurahi. Alisema moyoni, kumbe mtoto huyu ana adabu, kumbe yapo aliyoyasikia. Akageuka, akalivuta jora, akapima, akachana. Akatia na pamba na kafuri. Hamimu alipokea kwa mikono yote miwili.

"Mungu awape subira."

"Amina, Mama Zayd. Mutuombee."

Akaenda zake. Simu ya Alya ilikuwa imesimama wima katikati ya majora ya hariri, na Thuwaiba hakuiangalia mara ya pili.

Aliyekufa alikuwa Shakuru, mdogo wake Hamimu. Alfajiri ile lori lilimgonga akiwa kwenye pikipiki. Mama yao, Sijaona, alikuwa mji wa Rumonge kwa dada yake, na habari ya namna hiyo watu wa Buyenzi hawaisemi kwenye simu. Wanaipeleka wenyewe. Wazee wanafika, wanaketi, wanaomba maji ya kunywa. Wanawake wanakaa karibu na mwenye msiba ili wamshike. Ndipo mkubwa wao anafungua mdomo. Wazee walikuwa tayari tangu asubuhi, na gari lilikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Waliyatafuta kila mahali mjini, wakapata kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, na jua likawa limeshapanda.

Alya yeye hakuhitaji mafuta. Adhuhuri alimletea shangazi yake simu mezani, macho yanameremeta.

"Shangazi, angalia. Watu wanalia."

Thuwaiba aliangalia. Aliona mikono yake mwenyewe. Bafta ilikuwa ikichanika polepole, polepole kuliko ilivyochanika asubuhi, na chini yake imewekwa kaswida. Kisha mkono wenye vidole vitatu ukaipokea. Maandishi yakapita: *Siku ya furaha tuko nawe. Siku ya machozi tuko nawe. Maison Thuwaiba.* Chini yake mioyo, mamia ya mioyo myekundu. Mmoja ameandika mashallah, hii ndiyo marque ya biashara iliyo karibu na watu. Mwingine ameuliza kama bafta hiyo ipo na ya rangi ya krimu.

Mate ya Thuwaiba yaligeuka shubiri mdomoni. Aliinuka akamrudishia Alya simu.

"Toa."

"Lakini uso wake hauonekani, Shangazi. Mi niliangalia sana. Ni mikono tu."

"Toa hiyo kitu, Alya."

Alya alikuwa bado anabonyeza pale Assia alipopiga simu. Assia ndiye mwosha maiti wa wanawake Buyenzi, rafiki wa Thuwaiba toka ujana wao. Hakupandisha sauti.

"Mama Zayd, mbona mumetufanyia hivi? Sijaona ameanguka kule Rumonge. Binti wa jirani alimwita aje aone, ati Hamimu yuko kwenye video ya duka lenu. Wazee bado wako njiani."

Walikwenda matangani Buyenzi kesho yake, Thuwaiba mbele, Alya nyuma amejitanda mpaka paji la uso. Sijaona alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake. Thuwaiba alipiga magoti ili aseme aliyoyaandaa. Lakini Sijaona ndiye aliyeanza, kwa upole uliomuumiza Thuwaiba kuliko matusi.

"Yule mutoto wa jirani alifikiri ananifurahisha. Kaniambia, mama, ona mukono wa Hamimu. Nikaona. Mi nilikuwa na watoto wanaume wawili, Mama Zayd. Mumoja ameshika sanda. Ningeuliza nini tena?"

Alya alilia kweli, kwa kwikwi, na Sijaona akanyoosha mkono akamshika bega, yeye mwenye msiba akimbembeleza aliyemzidishia machungu.

"Sina kinyongo na wewe, binti. Nilitaka tu watu waje wakae na mi kwanza. Basi."

Kurudi walipanda teksi. Walikuwa hawajavuka hata mtaa wa pili, Alya akapangusa macho, akavuta pumzi. Thuwaiba akadhani sasa ataomba msamaha.

"Shangazi, nimefikiri. Tufanye video ya kuomba radhi. Mimi na wewe, bila kujipamba, sauti ya chini. Watu wanapenda mutu akisema ukweli. Hata Mama Sijaona, kama atakubali."

Thuwaiba alimtazama mtoto wa kaka yake kama anayetazama kitu kilichokutwa ndani ya unga. Machozi hayajakauka mashavuni, na ameshapanga pa kuyauza. Na ubaya wake ni kwamba msichana hakuwa akifanya ubaya. Alikuwa na huzuni, na huzuni hiyo hakujua aiweke wapi isipokuwa humo kwenye simu. Thuwaiba alimwambia dereva asimame. Alishuka akatembea mpaka Asiatique kwa miguu, kwenye vumbi na joto, apate mahali pa kutema mate.

Video ilifutwa, lakini walikuwa wameshaichukua wengine, wakaitia nyimbo zao. Duka lilijaa. Kampuni moja ya sabuni iliandika ikitaka ushirikiano. Thuwaiba aliung'oa ubao mweusi kwa mkono wake, akarudisha ule wa zamani, akamkataza Alya kuingia na simu, na Alya akatii, akawa anakaa mlangoni amenuna. Thuwaiba alifikiri kwamba amelipia kosa hilo. Alifuta vumbi kwenye jora la bafta akangoja mtu asimame kizingitini.

Baada ya wiki kadhaa Assia alikuja. Alisalimia, akauliza habari za Zayd kule Muscat, akanywa kahawa, akaisifu tangawizi yake. Walicheka kama zamani. Thuwaiba alikuwa amesikia asubuhi hiyo kwamba kuna bibi amefariki Buyenzi, akawa anangoja rafiki yake ainuke, aende kusimama kizingitini kama ilivyo desturi. Assia aliinuka. Alifika kizingitini, akaangalia juu kwenye pembe za dari, akaangalia majora ya hariri, upesi tu, kama mtu anayetafuta miwani yake.

"Haya, Mama Zayd. Tutaonana."

Thuwaiba alibaki amekaa. Muda mfupi baadaye alimwona anatoka duka la ng'ambo ya barabara, lile la vyombo na mashuka. Kwapani alikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe. Alikifunika vizuri kwa ncha ya mtandio, akakibana upande wa mbali na duka la Thuwaiba, ili rafiki yake asikione.